Otoskopu za zahanati: ipi inaonyesha sikio la mtoto, ipi ni kupoteza hela

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui kusema kwamba sikio linamuuma. Anachoweza ni kulia usiku kucha, kukataa chakula na kuchemka mwili. Wakati mwingine anatapika au anaharisha, na nyumbani wanadhani ni tumbo. Mama akisema "anajishikashika sikio," hiyo ni dalili ya kufuatilia, ila haitoshi peke yake: watoto wengi wa umri huu hushika masikio kwa sababu ya usingizi au mazoea tu. Hapo ndipo otoskopu, kifaa chenye taa na lenzi cha kuchungulia ndani ya sikio, inapohitajika. Na otoskopu mbovu ina madhara kuliko kukosa kabisa, kwa sababu inampa mhudumu ujasiri wa kuandika dawa kwa kitu ambacho hakukiona.

Tumepima aina nne ambazo mhudumu wa huku anaweza kukutana nazo: ya mfukoni yenye balbu ya halojeni, ya mfukoni yenye taa ya LED, Arclight inayochajiwa kwa jua, na kamera ndogo za sikio zinazounganishwa na simu. Swali letu ni moja tu. Mhudumu akipata sekunde tatu za mtoto aliyetulia, ataona kama ngoma ya sikio imetuna?

Tumeuliza kutuna, hatukuuliza wekundu, kwa sababu wekundu unadanganya. Mtoto akilia kwa dakika mbili, mishipa ya damu kwenye ngoma inajaa na ngoma inakuwa nyekundu. Homa ya malaria inafanya hivyohivyo, na mafua pia. Ukichokonoa nta, tundu zima linakuwa jekundu. Kinachotenganisha maambukizi ya sikio la kati na hayo yote ni usaha uliojaa nyuma ya ngoma na kuisukuma nje. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2013 unalisema wazi: unahitaji ngoma iliyotuna kwa kiasi cha wastani au zaidi, au usaha mpya unaotoka usiosababishwa na ugonjwa wa tundu la nje, au ngoma iliyotuna kidogo pamoja na maumivu yaliyoanza ndani ya saa 48 au wekundu mkali. Kama hakuna majimaji nyuma ya ngoma, huo si ugonjwa wa sikio la kati, hata ngoma iwe nyekundu kiasi gani.

Ngoma yenye afya ni ya kijivu inayopitisha mwanga kidogo. Mpini wa kifupa cha nyundo unaonekana ukishuka hadi katikati, na upande wa chini kwa mbele kuna kipande cha mwanga chenye umbo la pembetatu. Ngoma iliyotuna imepoteza alama hizo. Kingo zake zimejaa na katikati, pale kifupa kinapoishikilia, pamebaki chini: umbo la andazi lililobonyezwa kwa kidole. Rangi yake mara nyingi ni ya njano au nyeupe iliyofifia, na haipitishi mwanga tena. Kuna hali nyingine ambayo wengi huichanganya na hii: majimaji yapo, pengine na mstari wa maji au viputo vya hewa, lakini ngoma haijatuna bali imebonyea ndani au imekaa sawa, na mtoto hana maumivu wala homa. Hiyo haihitaji antibaiotiki. Inahitaji kuangaliwa tena baadaye.

Mwanga

Otoskopu nyingi za bei nafuu zinashindwa hapa kabla hata ya kufika sikioni. Balbu ya halojeni ya 2.5 V, inayotumia betri mbili za AA, inatoa mwanga mzuri wenye rangi za kuaminika ikiwa betri ni mpya na ni za alkali. Tatizo ni zile betri za kawaida za dukani. Umeme unaposhuka, halojeni haizimiki, inabadilika rangi. Kwanza mwanga unakuwa wa njano, kisha wa rangi ya chungwa, na chini ya mwanga huo kila ngoma inaonekana nyekundu. Mhudumu hatambui, kwa sababu taa bado inawaka. Kituo kinaweza kuandika "otitis media" (maambukizi ya sikio la kati) kwa nusu ya watoto wenye mafua kwa sababu ya betri mbili zilizochoka. Betri za kuchaji zenye 1.2 V kila moja zinafanya kazi, ila mwanga wake unaanzia chini kidogo.

LED inaondoa tatizo hilo: betri ikichoka, mwanga unapungua lakini rangi haihami sana. Inakula umeme kidogo, na taa yenyewe inadumu kwa maelfu ya saa, wakati balbu ya halojeni huungua na kulazimisha kutafuta ya akiba ambayo pengine duka la wilaya halina. Lakini si kila LED inafaa. Za bei ya chini kabisa hutoa mwanga wa bluu unaofanya ngoma ionekane imepauka, na wekundu mkali wa kweli unafichika. Kipimo cha uaminifu wa rangi, kinachoandikwa CRI kwenye boksi, kiwe 90 au zaidi. Kama hakikuandikwa, washa taa karibu na kiganja chako dukani: ngozi ionekane kama inavyoonekana nje mchana. Ikionekana ya mtu aliyezama majini, irudishe.

Jambo la pili ni mahali taa ilipokaa. Kwenye otoskopu rahisi, balbu imesimama ndani ya kichwa, mbele ya jicho lako. Inaziba sehemu ya unachotazama na kurudisha mng'ao kutoka kwenye kuta za koni, ile ncha inayoingia sikioni. Zilizo bora hupitisha mwanga kwa nyuzi za kioo zinazozunguka ukingo wa kichwa, na katikati panabaki wazi. Kwa tundu jembamba la sikio la mtoto, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya ukuzaji. Lenzi ya kukuza mara 2.5 hadi 3 inatosha. Anayekuuzia "mara 10" anakuuzia ukungu.

Tukilinganisha hizi mbili tu, otoskopu ya mfukoni yenye LED na nyuzi za kioo ndiyo tunayoiweka mbele kwa zahanati. Ya halojeni si mbaya kama kuna mtu anayebadilisha betri kabla mwanga haujawa wa njano. Vituo vyenye mtu huyo ni vichache.

Koni, ambazo hakuna anayeziulizia

Muuzaji atakuonyesha mpini na taa, ilhali koni ndizo zinazoamua kama utaona. Za kutupa huja kwa vipimo viwili: ndogo ya takriban 2.5 mm na kubwa ya takriban 4 mm. Za kuosha huwa na vipimo vingi zaidi, kutoka 2 hadi 5 mm. Kosa la kawaida ni kumwekea mtoto koni ndogo kuliko zote kwa huruma. Koni nyembamba inapitisha mwanga kidogo, inaonyesha kipande kidogo cha ngoma, na inaingia ndani zaidi hadi kugusa sehemu ya mfupa, ambako ngozi ni nyembamba na maumivu ni makali. Tumia koni kubwa zaidi inayoingia kwa raha. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu mara nyingi ni 3 mm, na hicho ndicho kipimo kinachokosekana kwenye seti nyingi za kutupa. Ukipata seti yenye 3 mm, hiyo ni sababu tosha ya kuichagua.

Koni za kutupa zinazorudiwa kutumiwa hupata mikwaruzo kwenye ncha. Pitisha ukucha kwenye ukingo, ukikwama, itupe. Za kuosha zioshwe kwa maji, sabuni na brashi ndogo ndani na nje kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu klorini haifanyi kazi juu ya usaha uliokauka. Kisha zilowe kwenye klorini ya 0.5% kwa dakika 10, zisuuzwe na zikauke kabisa. Zikibaki na unyevu, lenzi inajaa mvuke kwa mtoto anayefuata.

Jinsi ya kuitumia ili ikupe thamani ya hela

Otoskopu bora duniani haitaona ngoma ya mtoto anayerukaruka. Sikio na koo viachwe mwisho, baada ya kuhesabu pumzi na kusikiliza kifua, kwa sababu baada ya hapo atalia. Mwombe mama ampakate mtoto kwa upande, miguu ya mtoto katikati ya mapaja yake. Mkono mmoja wa mama uzungushie mikono yote miwili ya mtoto, mwingine ukiegemeza kichwa chake kifuani kwa nguvu ya upole. Ukimwambia tu "mama, mshike," atashika mikono na kuacha kichwa. Mwambie hivi: "Mama, kiganja chako kiwe kwenye paji lake la uso, umvutie kifuani kwako."

Shika otoskopu kama kalamu, mpini ukielekea juu au pembeni, na kidole kidogo kiegemee shavu la mtoto. Akigeuza kichwa, mkono wako unasogea pamoja naye na koni haichomi. Mwenye mpini mzito hapa anapata shida, na hiyo ni sababu nyingine ya kupendelea za mfukoni. Vuta sikio kwa nyuma na chini kidogo ili tundu linyooke. Kwa watoto wakubwa zaidi ni nyuma na juu. Anza na sikio ambalo mama anasema halina shida, ili upate cha kulinganisha. Ingiza koni kwenye theluthi ya nje tu, yenye nywele, na ielekeze kama unatazama upande wa jicho la upande wa pili.

Nta ikiziba, usipige maji ikiwa unashuku maambukizi au ngoma kutoboka. Kipande laini kinatolewa kwa kitanzi butu kupitia lenzi inayofunguka pembeni, ikiwa otoskopu yako inayo. Angalia kipengele hicho dukani, kwani lenzi isiyofunguka inakulazimisha kufanya kazi bila kuona.

Puto la hewa ndilo kipengele tunachokithamini kuliko vyote vya ziada, na ndicho kinachobaki kwenye boksi. Ni kipira kidogo chenye mrija kinachochomekwa kwenye kitundu cha pembeni ya kichwa. Bonyeza kidogo kabla ya kuingiza koni, ingiza hadi izibe tundu vizuri, kisha achia taratibu na ubonyeze tena taratibu. Ngoma salama inacheza mbele na nyuma. Yenye majimaji nyuma yake haichezi, au inacheza kwa shida. Kwa mtoto anayelia na ngoma nyekundu, jaribio hili linaweza kukuokoa usiandike antibaiotiki bure. Likishindwa, mara nyingi hewa inavuja: koni ni ndogo mno, au lenzi haikufungwa sawasawa. Kipete cha mpira laini kilichokatwa kwenye mrija na kuvishwa nyuma kidogo ya ncha ya koni kinaziba vizuri. Kama ngoma imeshatuna waziwazi, usipulize. Inauma, na jibu unalo tayari.

Arclight na kamera za simu

Arclight ilibuniwa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, kwa ajili ya maeneo yenye uhaba wa vifaa. Inakaa kwenye mfuko wa shati, inachajiwa kwa kipaneli cha jua kilichomo kwenye kifaa au kwa USB, na ina sehemu ya kutazama sikio na ya kutazama jicho. Kwa kituo kisicho na umeme wa uhakika, kuondokana na betri za AA ni faida kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Upande wa jicho unakuwezesha pia kuangalia mwako mwekundu wa mboni, yaani mwanga mwekundu unaorudi kutoka ndani ya jicho, kwa watoto wachanga. Udogo wake una gharama yake: jicho lako liwe karibu sana nayo, na anayezoea kichwa kikubwa cha otoskopu atahitaji mazoezi kwa masikio ya watu wazima kabla ya kumjaribu mtoto. Kwa mhudumu anayetembelea vijiji, tungeichukua hii.

Kamera za sikio za simu hatuzipendekezi kwa watoto wadogo. Picha zake zinavutia. Lakini mrija wake ni wa unene uleule hadi mwisho, mara nyingi 3.9 au 5.5 mm, bila umbo la koni linalozuia kuzama. Wa 5.5 mm unaziba tundu la mtoto mdogo. Mwembamba zaidi unaweza kuingia hadi kwenye ngoma mtoto akishtuka. Unaangalia kioo cha simu huku mkono uko kwingine. Picha haina kina, kwa hiyo kutuna, kile tunachokitafuta, ndicho kitu kigumu zaidi kukiona. Wekundu unaonekana vizuri sana, na tayari tumesema wekundu unafanya nini. Zile zinazouzwa na kijiko cha kutolea nta kwenye ncha zisiingie sikio la mtoto kabisa, si kituoni wala nyumbani. Matumizi yenye maana ni kwa mtu mzima aliyetulia, au kumtumia daktari wa masikio picha ya sikio linalotoa usaha siku nyingi.

Otoskopu haiondoi kazi ya mikono na maswali

Mwongozo wa IMCI, ule wa WHO na UNICEF wa kutibu magonjwa ya watoto kwa pamoja, haudai otoskopu, na una hekima yake. Uliza: sikio linauma? Linatoa usaha? Tangu lini? Kisha angalia usaha, na papasa nyuma ya masikio yote mawili. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, au juu ya sikio kwa mtoto mchanga, ni maambukizi ya mfupa: dozi ya kwanza ya antibaiotiki, dozi ya parasetamo, na rufaa ya haraka. Sikio linalosukumwa mbele likawa limechomoza kuliko lingine ni dalili hiyohiyo. Kabla ya yote hayo, dalili za hatari: hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au amepoteza fahamu. Shingo ikikakamaa, ni rufaa. Na kwenye maeneo ya malaria, homa inapimwa mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) hata kama sikio limetoa jibu, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na vyote viwili.

Usaha chini ya siku 14, au maumivu ya sikio, ni maambukizi ya ghafla: amoksilini kwa siku 5, parasetamo, kukausha sikio kama linatoa usaha, na kurudi baada ya siku 5. Mtoto wa kilo 10 hadi chini ya 14 anapewa vidonge viwili vya 250 mg vinavyoyeyuka, asubuhi na jioni, yaani vidonge 20 kwa dozi nzima. Uliza kwanza kama penisilini imewahi kumdhuru. Parasetamo ni 10 hadi 15 mg kwa kila kilo, kila saa 6 akiwa na maumivu. Maumivu ndiyo yanayomkosesha usingizi, na antibaiotiki haiyatulizi usiku wa kwanza.

Usaha wa siku 14 au zaidi ni kitu kingine, na amoksilini ya mdomo si dawa yake. Hapo ni kukausha mara tatu kwa siku kwa kipande cha kitambaa safi kinachonyonya, kilichosokotwa kama utambi: weka, toa kikilowa, weka kingine hadi kitoke kikavu. Kisha matone ya antibaiotiki ya jamii ya kwinoloni, kama siprofloksasini, kwa wiki mbili. Matone ya jentamisini kwenye ngoma iliyotoboka yanaweza kuharibu usikivu. Vijiti vya pamba na mafuta ya moto visiingie sikioni.

Otoskopu inaizidi IMCI waziwazi kwenye jambo moja: kitu kilichoingizwa. Shanga, punje ya mahindi, harage. Mtoto analia, sikio linatoa majimaji yenye harufu, na bila kuchungulia utamtibu kwa antibaiotiki wiki nzima. Harage na punje zisipigwe maji, zinavimba. Betri ndogo ya duara ni dharura ya siku hiyohiyo: isiwekewe matone yoyote, mtoto apelekwe panapoweza kuitoa mara moja.

Unapolipia

Usinunue kwa picha ya kwenye boksi. Nenda na betri mbili mpya za alkali, ziweke, wacha taa iwake dakika tano, kisha gusa ncha ya koni. Ikiwa imepata joto la kusumbua ngozi ya mkono wako, itamsumbua mtoto. Fungua lenzi pembeni na uifunge, isilegee. Chomeka puto kwenye kitundu, ziba ncha ya koni kwa kidole na ubonyeze: hewa ikitoka pembeni ya lenzi, kifaa hicho hakitapima mchezo wa ngoma. Uliza kama koni za 3 mm zinapatikana peke yake na kama zinaingia kwenye kichwa hicho, kwani vichwa vya watengenezaji tofauti havikubaliani siku zote. Kwa vituo vya pwani, Tanga hadi Mombasa, chukua yenye kisanduku kinachofunga vizuri na uweke ndani pakiti ya silika, ile chembechembe inayonyonya maji, kwa sababu unyevu huotesha ukungu kwenye lenzi. Betri zitolewe kila otoskopu inapokaa zaidi ya wiki bila kutumika. Zikivuja ndani ya mpini, kutu ya kwenye springi ndiyo mwisho wa kifaa.